Mama Kucha: Miaka Thelathini na Mitatu, na Breki Zinazoshika Hata Kwenye Mvua

Tarehe 30 Juni, saa kumi alasiri, Mama Kucha atavua ovaroli yake ya bluu, atanawa mikono kwa sabuni ya unga kama afanyavyo kila siku, na kustaafu rasmi baada ya kuitumikia Idara yetu ya Maji kwa miaka thelathini na mitatu na miezi minne. Ishirini na tisa kati ya hiyo ameimalizia katika karakana ya baiskeli iliyo nyuma ya nyumba ya pampu. Kamati ya sherehe ilipouliza nani aandike wasifu wake, wenzangu wote walinigeukia mimi, kwa kuwa ndiye mtu pekee aliyewahi kuvunjika mfupa kwa breki alizozifunga yeye.

Hakuajiriwa awe fundi. Alikuja kama karani wa stoo ya vipuri, msichana nadhifu mwenye mwandiko wa kuonewa wivu. Fundi wa wakati ule alikuwa mzee mpole ambaye macho yalikuwa yameanza kumsaliti, akawa anamwomba karani amtazamie: je, hii spoku imenyooka? Raba ya breki inagusa ringi kote, au upande mmoja tu? Kwa miaka minne karani akawa macho ya mzee, na mikono ikafuata macho. Mzee alipoondoka, tangazo la nafasi yake lilikaa ubaoni wiki tatu bila mtu kuomba. Karani akajaza fomu. Inasemekana mkuu wa Idara alicheka alipoisoma, kisha akachungulia dirishani, akaziona baiskeli hamsini na nane zinazosubiri, akaacha kucheka.

Jina la Mama Kucha alipewa na sisi wasoma mita. Kila raba ya breki inayoingia karakanani huibonyeza kwa ukucha wa kidole gumba. Ukiacha alama, raba ni laini. Usipoacha, ni ngumu. Raba ikimeguka, inarudi ilikotoka siku hiyohiyo. Siku ya harusi ya binti yake mkubwa alikubali kupakwa rangi ya kucha vidole tisa. Cha kumi, alisema, ni cha kazini.

Wakongwe watakumbuka baiskeli ya mkuu wetu wa zamani, iliyokuwa ikipiga yowe kila akifunga breki langoni, yowe la kusikika mpaka chumba cha ramani. Mama Kucha alizilegeza raba, akaziinamisha kidogo ili ncha ya mbele iguse ringi kabla ya ile ya nyuma, akazikaza. Dakika kumi tu, kimya. Wiki iliyofuata makarani watatu walikwenda karakanani kumsihi airudishe ile kelele, maana ndiyo iliyokuwa ikiwapa muda wa kuficha magazeti. Alikataa. Aliwaambia yeye ni fundi wa breki, kengele zinauzwa dukani.

Sasa nifike kwenye bega langu.

Katika mwaka wake wa nane wa ufundi, baiskeli zetu karibu zote zilikuwa za breki za fimbo. Ukivuta mkono wa breki, fimbo nyembamba za chuma huinua raba mbili, zikabana ringi kwa upande wa ndani, ule unaotazama spoku. Ni breki zenye heshima yake: hazina waya wa kukatika, na ringi ikiyumba kidogo wala hazijali. Mama Kucha alizifungia raba nyeusi, ngumu kiasi kwamba ukucha wake haukuacha hata mkwaruzo. Zilidumu mwaka mzima na nusu. Alizisifia kwa kila aliyepita.

Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nikishuka mteremko unaotoka kwenye tangi kubwa kuja mjini, begi la daftari za mita mgongoni. Nilifunga breki mapema, mahali pale pale ninapofunga siku zote. Hakuna kilichotokea. Nikabana kwa nguvu zangu zote, na baiskeli ikaendelea kushuka kana kwamba nimebana hewa. Ringi zetu zilikuwa za chuma king'aavu, na chuma hicho kikilowa maji huwa kama sahani iliyopakwa sabuni. Nilimaliza safari kwenye milango sita mipya iliyoegemezwa nje ya karakana ya seremala. Mfupa wa mtulinga ulivunjika, goti likafumuka, na nikalala wodini siku kumi na moja.

Ofisini, taarifa iliandikwa kabla sijatolewa plasta. Ilisema mwendesha baiskeli alikwenda mwendo wa kasi. Iliitishwa kamati ndogo ya kuipitisha, na Mama Kucha aliitwa ili athibitishe tu kuwa breki zilikuwa nzima. Angeweza kusema ndiyo, na isingekuwa uongo: zilikuwa zimekaguliwa Jumatatu ya wiki ile ile. Walionisimulia wanasema alisimama, akaiweka raba moja mezani, mbele ya mkuu.

"Hii niliichagua mimi," alisema. "Niliipenda kwa sababu inakaa muda mrefu bila kunisumbua. Sijawahi hata siku moja kuijaribu kwenye maji."

Mkuu alimuuliza kama anaelewa anachokisema, kwa sababu fundi anayekiri kosa la namna hiyo anaweza kupoteza kazi. Akajibu kwamba anaelewa, na kwamba wapo watu hamsini na saba wengine wanaoshuka kwa raba hizo hizo. Taarifa ikachanwa. Yeye akapewa barua ya onyo, na barua hiyo bado ipo kwenye jalada lake, nimeiona.

Mimi sikuwa muungwana. Alipokuja wodini mara ya kwanza niligeukia ukutani mpaka akaondoka. Mara ya pili hakuleta pole. Aliketi, akafungua daftari, akaniuliza nilibana breki kwa muda gani kabla ya kuhisi chochote. Swali lilinishika bila kutarajia. Nilifumba macho, nikaushuka upya mteremko ule kichwani, nikahesabu. Nikamwambia: mpaka nne. Akaandika. Akaniuliza ringi ilikuwa na matope au maji matupu. Tulikaa hivyo saa nzima, na alipoinuka kwenda zake nilitambua kuwa hasira imenitoka.

Alichoniambia siku ile, na ambacho Idara nzima haikukijua, ni kwamba hajui kuendesha baiskeli. Miaka minane alikuwa akizifungua, akizifunga na kuzizungusha magurudumu juu ya stendi, lakini hakuwahi kupanda hata moja. Utotoni baiskeli ya nyumbani ilikuwa ya kaka zake. Sasa alitaka kuzijaribu breki kwenye mteremko ule ule zikiwa zimelowa, na hakuwa tayari kumtuma mtoto wa mwenzake akafanye hivyo kwa niaba yake.

Basi akajifunza, akiwa na miaka thelathini na tisa. Mume wake ni fundi cherehani, mtu wa kukaa, na mbio kwake zilikuwa adhabu. Hata hivyo kila asubuhi kabla ya kazi alionekana uwanjani nyuma ya nyumba ya pampu, ameshika tandiko, anakimbia huku akihema na kulalamika. Alimshonea mkewe suruali yenye mito magotini. Siku ya kumi na mbili aliliachia tandiko bila kumwambia. Mama Kucha alizunguka uwanja mzima akimwelekeza mumewe namna ya kushika, kumbe anaongea peke yake.

Majaribio yalichukua wiki saba. Alichora mstari wa chokaa barabarani, akatafuta mwendo wa kawaida wa msoma mita, na kwenye mstari akafunga breki. Kila breki aliijaribu mara kumi ikiwa kavu na mara kumi ringi ikiwa imemwagiwa maji kwa ndoo, akapima umbali kwa utepe wa kupimia wa mumewe. Mbele kabisa ya mstari alimwaga rundo la mchanga, kwa ajili ya breki zitakazokataa.

Daftari lile liko mbele yangu ninapoandika. Breki za fimbo, raba ngumu, ringi kavu ya chuma: mita sita. Ringi ikiwa imelowa: mita ishirini na moja, na mara mbili ni mchanga uliomsimamisha. Akabadilisha raba tu, akaweka zenye uso wa ngozi, na umbali wa kwenye maji ukashuka mpaka mita kumi. Pembeni ameandika kwa ule mwandiko mzuri: "Ngozi hukwangua maji. Lakini kwa ringi za chuma tu."

Kisha breki za koleo, ambazo mikono yake miwili imeungana kwa msumari mmoja juu ya gurudumu na kubana ringi kutoka ubavuni. Aliziona nyepesi na rahisi kufunga, ila hupenda kuhamia upande mmoja, raba moja ikafanya kazi na nyingine ikatazama. Akaja kwenye breki za mabawa, zenye mikono iliyotanuka kila upande wa uma unaoshika gurudumu, na waya unaoivuta kutoka katikati. Hizo hushika vizuri na hupitisha matope, lakini kuzirekebisha kulimtoa jasho. Mwisho zile za mikono mirefu iliyosimama wima, zinazovutwa na waya unaopita ubavuni. Kwenye ringi ya alumini iliyolowa, kwa raba laini nyekundu iliyokubali ukucha, zilimsimamisha kwa mita tano. Aliandika tano, akaipigia mstari, kisha akarudia jaribio siku iliyofuata kwa sababu hakuamini.

Hakuficha upande wa pili. Raba laini huisha upesi. Huokota chembe za alumini ambazo zisipochokolewa kwa sindano hula ringi. Na breki za mikono mirefu hazipatani na mikono ya breki ya zamani ya kwenye usukani: ukizichanganya, gurudumu la mbele hushikwa ghafla, na fundi mwenyewe aligundua hilo kwa kupaa juu ya usukani mpaka mchangani. Mito ya magotini ilifanya kazi yake.

Alipendekeza mambo mawili: raba za ngozi mara moja kwa baiskeli zote zilizopo, na ringi za alumini zenye breki za mikono mirefu kwa kila baiskeli mpya. Mkuu wa ugavi akasema hapana. Stoo ilikuwa na maboksi ya raba ngumu ya kutosha miaka miwili, ziishe kwanza. Mama Kucha hakubishana. Alimwomba kwa adabu aje mteremkoni na kiatu kizuri. Akampandisha baiskeli yenye raba za stoo, akalowesha ringi, akamwambia afunge breki kwenye mstari. Mkuu wa ugavi aliondoka kwa madaha, akafunga kwenye mstari, na akaendelea. Alitoka mchangani akiwa mzima, akajipangusa, akavaa kiatu kilichobaki nyuma, akaomba kalamu ya kutia sahihi. Ni mtu mzuri. Ameniruhusu niliandike hili.

Mimi nilirudi kazini mwezi wa tano baada ya ajali. Bega lilikuwa limepona lakini mteremko ule sikuuweza. Nilikuwa nikiukwepa kwa kuzunguka upande wa sokoni, nusu saa zaidi, na nilidhani hakuna anayejua. Siku moja mvua ilikuwa ikinyesha, si kubwa, ya kulowesha tu. Mama Kucha alinikuta kwenye tangi nikijiandaa kuzunguka. Alikuwa na baiskeli yake.

"Nifuate," aliniambia. "Nikisimama, simama. Nitasimama mara nyingi."

Akashuka mbele yangu. Baada ya hatua thelathini akasimama, nami nikasimama. Akaenda tena, akasimama. Sikumbuki tulisimama mara ngapi. Nakumbuka mgongo wake uliolowa, na raba zikinong'ona kwenye ringi, na kwamba mahali fulani katikati niliacha kuhesabu. Mbele ya karakana ya seremala alisimama kwa mara ya mwisho, tukasalimiana na seremala, tukaenda kazini.

Imepita miaka ishirini na moja. Hakuna mfanyakazi mwingine aliyeumia kwa breki kushindwa. Wageni wa karakana wanayajua maonyo yake makali, hasa kwa wale wanaopaka mafuta mnyororo na kuyadondosha kwenye ringi. Kwa hao hana huruma. Amewafundisha mafundi wawili, mwanamume na mwanamke, na wote wawili wameshaanza kubonyeza raba kwa kucha bila kujua kwamba wanafanya hivyo. Karakana haitakuwa yatima.

Mipango yake ya kustaafu anayo. Yeye na mumewe wanatarajia kwenda kumtembelea dada yake kwa baiskeli, safari ya siku mbili. Ugomvi pekee uliobaki nyumbani ni kwamba mume anang'ang'ania breki za fimbo kwa sababu ya umaridadi wake, na hadi wasifu huu unakwenda kupigwa chapa alikuwa amekubali raba za ngozi tu.

Mama Kucha, wapo vijana katika Idara hii waliozaliwa baada ya mambo haya. Kila wiki hushuka mteremko wa tangi, mvua au jua, wakifikiria chakula cha mchana, mechi ya jioni, ujumbe ambao hawajajibiwa. Hufunga breki, baiskeli husimama, na wala hawajiulizi kwa nini. Kwa hilo wasilolijua, tunakushukuru kwa niaba yao. Uwe na afya, safari njema kwa dada, na miaka mingi ya furaha wewe na fundi cherehani wako.