Fundo la Tai

Sogezeni viti, wanangu. Wewe dada mtu kaa huku dirishani, na wewe kitinda mimba kaa hapo miguuni pangu, maana sauti yangu haifiki mbali siku hizi. Daktari amewaita kwa sababu zake, mimi nina zangu, na asinikatize mtu kuniuliza kama nataka maji.

Mnaijua kazi iliyowasomesha. Niliketi pale chuoni, ghorofa ya pili, chini ya pangaboi bovu, nikipanga mitaala, kipi kifundishwe na kipi kitangulie, nikisoma tafiti za watu na kuzunguka maofisini na mahospitalini kuuliza vijana wetu wanakwama wapi. Na sisi wa kazi ile huanzia mwisho. Unaamua kwanza mhitimu aweze kufanya nini, kisha utampimaje, ndipo unarudi nyuma kupanga masomo. Mama yenu alipotutoka mkiwa wadogo, sikujua njia nyingine ya kulea. Nikajiambia lengo ni moja tu, watoto hawa waweze kuishi bila mimi.

Mmefaulu. Dada mtu, tangu uolewe hujaniuliza jambo hata moja, na sikulaumu, ndivyo nilivyokupanga. Lakini nyumba imekuwa kimya mpaka, nilipokuwa bado natembea, nikiangusha kijiko jikoni mimi mwenyewe nilikuwa nauliza nani huyo. Upweke unauma, wanangu. Nilikuwa naona haya kulisema.

Nyumba ni yenu wote wawili, na msiiuze mpaka mkae humu pamoja mkubaliane, hata mkigombana. Vitabu vyangu vipelekeni chuoni. Na yule mzee tuliyemwita Mkasi, kwa jinsi alivyokata vipindi vya watu, akija kunizika mpeni kiti cha mbele. Mnajua nina fundo naye moyoni. Katika mtaala wa wauguzi niliandika kwamba mhitimu aweze kumjali mgonjwa, akalikata neno lile mbele ya kikao kizima, akasema kujali hakupimiki, andika aweze kumgeuza mgonjwa kitandani. Nikakosa jibu. Nesi anayekuja hapa asubuhi kasoma mtaala ule, na ananigeuza vizuri sana. Akimaliza anaondoka, wala hajawahi kuniuliza nimelalaje.

Sasa wewe, kitinda mimba. Wewe nilikuachia tundu kwa makusudi. Nilikufundisha kufua, kupika, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, ila kufunga tai sikukufundisha. Ulipoajiriwa kule mahakamani nilikufungia mimi, ukawa unailegeza tu jioni na kuivua kichwani, na kila fundo lilipofunguka ulikuja nayo mfukoni, nami nikasimama nyuma yako mbele ya kioo kile nikafunga polepole, mkono wangu nikiuweka mahali ambapo hungeona. Dada yako alikucheka, mtu mzima na ndevu zako. Mimi nilikuwa nikikuchemshia chai.

Usiinamishe kichwa. Siku ile nilipokuja kazini kwako kugongesha mhuri karatasi za kiwanja, nilikuona kwenye korido. Uliivua tai, ukaikung'uta, ukaifunga mwenyewe bila kutazama popote, tena kwa fundo zuri kuliko langu. Nikarudi nyumbani bila kukusalimia. Na Jumamosi iliyofuata ukaja, tai imefunguka, mfukoni. Ukaja Jumamosi nyingine, na nyingine.

Mwambieni Mkasi... mwambieni nimepata jibu lake. Kujali kunapimika. Na fundo lile nimelifungua, asihangaike.

Umekuja nayo leo? Nilijua. Ilete. Simama... hapana, vidole havinitii. Dada mtu, njoo wewe, mume wako huwa unamfungia. Simama nyuma yake. Upande mpana uwe mrefu... hivyo. Usimwonyeshe. Anajua, mama, lakini usimwonyeshe. Ikifunguka atakuja kwako, nawe usimwambie una kazi, mchemshie chai, umuulize alivyolala. Na wewe dada, siku moja moja, sahau kitu. Mpigie umuulize.

Mungu awape umri, na kila mmoja wenu... akose kitu kidogo ambacho mwenziwe anacho. Hiyo ndiyo baraka yangu, sina nyingine.

Ikaze kidogo. Hapo... hapo. Sasa geuka, mwanangu, nikuone.