Kiganja cha Fundi Mwero

Ndugu Abubakar Mwero, fundi wa mitambo wa hospitali yetu hapa Diani, anastaafu Jumanne, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi.

Alianza na majokofu ya chanjo, akiyafuata hadi Vanga kwa barabara mbovu. Mashine ya MRI ilipoletwa miaka tisa iliyopita, alikabidhiwa yeye. Kila asubuhi, kabla hata ya kuitikia shikamoo, huweka kiganja kwenye bomba la pampu ya baridi, kisha husoma kipimo cha heliamu, kimiminika kinachoipoza sumaku ya mashine hiyo. Eunice wa mapokezi humtania kwamba hata mkewe hapimwi homa kwa upole huo. Yeye hujibu kwamba mkewe akizidiwa husema.

Ndiye aliyetufundisha kwamba waya wa sumaku ile ukipozwa mno, umeme huzunguka ndani yake bila kupungua. Tulidhani waya huo lazima uwe safi kabisa. Akatucheka. Ni mchanganyiko wa niobi na titani, akasema, na umejazwa kasoro makusudi, maana kasoro hizo ndizo zinazoishikilia nguvu ya sumaku isiteleze. Waya usio na kasoro hata moja ungeshindwa na mzigo siku ya kwanza. Unachokiogopa ni joto.

Mwezi Februari alikwenda Lunga Lunga kumuuguza dada yake, hadi akamzika. Daftari la vipimo alimwachia karani. Karani aliogopa kuingia peke yake katika chumba cha sumaku, akanakili kipimo kilekile kwa siku kumi na moja. Kumbe pampu ilikuwa imezima. Heliamu ilichemka ikatoka, waya ukapata joto, sumaku ikafa. Kwa wiki tisa wagonjwa wetu walipelekwa Mombasa.

Ripoti ilisema fundi ndiye aliyezembea. Aliiandika mwenyewe. Barua ya onyo iliyomo katika faili lake ni ya pekee katika miaka yote hiyo.

Karani huyo ni mimi. Nilipomwendea nikilia, aliniuliza tu kama sasa najua mahali pa kuweka kiganja. Leo nimemwandikia mkurugenzi ukweli wote, na kuomba barua ile iondolewe. Sijui kama jarida hili litanikuta kazini.

Asante, Fundi. Mungu akujaalie afya na utulivu huko kwako Matuga. Asubuhi hii niliingia peke yangu. Bomba lilikuwa baridi.

Loice Sanga, karani wa kumbukumbu