Mchezo wa Mjane Haujazeeka

Katika minibasi ya kwenda mtaa wa Annexe, mzee mmoja alimsomea gazeti mama aliyeketi kando yake. Ule mchezo wa kuigiza wa mjane anayekataa kurithiwa na shemeji umerudi jukwaani baada ya miaka thelathini, na mwandishi wa gazeti alisema umepitwa na wakati.

"Anasema kweli, mama. Hiyo mambo iliisha."

"Papa, ule mujane, zamani ni mie nilimuchezaka. Bantu benye kuangalia balinizomea. Jana binti yangu alimucheza, bantu bote balisimama kumupigia makofi."

"Si unaona? Mambo ilibadilika."

"Mwezi yenye ilipita nilizika bwana yangu. Shemeji alikuja kunitaka. Nilimujibu na maneno ya mujane, yote, bila kusahau hata moja."

Mzee alikunja gazeti, gari likasimama. Mama akashuka, kichwa juu.