Bomba Lililojaa Likajibu Sawa

PASKAZIA: Haloo? Suhaib? Ni Paskazia hapa, wa maabara ya hospitali, Sengerema.

SUHAIB: Mama Paskazia. Shikamoo.

PASKAZIA: Marahaba, mwanangu. Uko Igogo? Samahani kukusumbua—

SUHAIB: Hunisumbui. Nilikuwa... nilitaka nikupigie.

PASKAZIA: [mikwaruzo] ...wamenisimamisha kazi, umesikia? Leo wameniita kwenye kikao. Nielekeze nilikosea wapi kubonyeza. Majibu ya damu ya mtoto wa Rebeka, mimi najua nilituma.

SUHAIB: Mama—

PASKAZIA: Lakini wodini hayakufika. Na wewe mwenye mfumo ulisema kosa ni la mtu. Basi nimekubali, macho yangu siku hizi—

SUHAIB: Macho yako hayana shida. Ulituma.

PASKAZIA: Unakatika. Rudia.

SUHAIB: Ulituma, mama. Programu yangu ndiyo iliyoyapoteza.

PASKAZIA: Kivipi?

SUHAIB: Majibu yanapita kwenye bomba, njia ya ndani ya kompyuta. Niliiandika programu isisubiri bomba lipate nafasi. Siku ile wagonjwa walikuwa wengi, bomba likajaa. Hapa kwangu kompyuta inatumia mfumo wa Linux, bomba likijaa inanipa kosa: jaribu tena. Yenu ni Windows. Yenyewe inajibu sawa, kumbe haijaandika hata herufi moja. Programu yangu ikaiamini ile sawa. Ikafuta majibu, ikidhani yameshafika wodini.

PASKAZIA: Hukujaribu kwenye kompyuta kama yetu?

SUHAIB: Hapana.

PASKAZIA: Umejua lini?

SUHAIB: Wiki iliyopita.

PASKAZIA: Wiki iliyopita, Suhaib?

SUHAIB: Nilirekebisha kimyakimya. Nikaona labda yataisha yenyewe.

PASKAZIA: Mtoto alichelewa kuongezewa damu. Rebeka tukikutana sokoni anageuza uso.

SUHAIB: Nisamehe, mama.

PASKAZIA: Usiniombe mimi pembeni huku. Niko mlangoni pa kikao. Naingia, nakuweka spika.

SUHAIB: Sasa hivi? Ngoja nijipange—

PASKAZIA: Mimi nani alinipa muda wa kujipanga? Na vocha inaisha. [mlango, sauti za watu] Samahanini. Huyu ni Suhaib, aliyetengeneza mfumo. Ongea.

SUHAIB: Shikamooni. Mama Paskazia alituma. Kosa ni langu, na nililijua nikanyamaza. Mama Rebeka... yupo hapo?

PASKAZIA: Yupo. Amempakata mtoto.

SUHAIB: Mama Rebeka, mimi...

PASKAZIA: Suhaib, sema kabla haijakata. Anakusikiliza.