Kuhesabu Mashuka

Ndani ya basi, kwenye kiti cha mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: mama mmoja aliyevaa sare ya wauguzi, na kijana mwenye tai. Kijana alikuwa akilalamika kwamba ofisini kwao wameletewa mtaalamu wa msongo wa mawazo. "Katufundisha kupumua," alisema. Nikajiuliza walikuwa wakiishije kabla ya hapo.

"Sisi wodini hatuna mtaalamu," mama alisema. "Muuguzi wangu akifiwa na mgonjwa, namtuma stoo akahesabu mashuka. Anafunga mlango, analia, ananawa uso, anarudi. Mwaka wa kumi na tisa huu, hakuna aliyeniletea idadi, na mimi sijauliza."

"Si umwambie tu akapumzike, mama?"

"Atasema hajachoka. Ukimpa kazi, anakwenda."

"Lakini huko ni kuficha kidonda."

"Kidonda hufunikwa, mwanangu. Nzi ni wengi."

Kijana hakuridhika. Kisha akauliza, "Na wewe, nani anakutuma stoo?"

Mama alifungua mkoba wake, akaufunga tena bila kutoa kitu. "Mimi ndiye mwenye ufunguo," alisema. "Jana tumempoteza mtoto wa miaka minne."

Kijana akamwambia taratibu, "Basi nihesabie viti vya humu ndani, mama."

Mama akageukia dirishani, ambako hakukuwa na kiti hata kimoja. Basi liliposimama kituo cha hospitali, kondakta alimwita ateremke. Nikamwambia asubiri, mama bado anahesabu.