Nilivyokopa kwa Wivu wa Mwanyumba

Wanachama wenzangu, shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, hamjambo? Haya. Mwenyekiti wa chama chetu hiki cha kuweka na kukopa amenisimamisha nieleze nilivyotoka kwenye madeni. Anasema kuna vijana humu wanapokea mshahara mzuri, na bado wanapita vichochoroni kuwakwepa wenye maduka. Mimi nawaona. Vichochoro hivyo nilivipita mimi kabla yenu, na vyote navijua.

Jina la mtu sitaji. Atakayejijua anyamaze tu.

Mnanijua, mimi ni dereva wa treni, hapa hapa Tabora. Nilianza kwa kutia kuni kwenye injini enzi za mkoloni, na bendera yetu ilipopanda, nami nikapanda cheo nikawa dereva kamili. Mshahara wangu ulikuwa mshahara kweli. Nyumba ya kota, sare, viatu vya kazi, posho kila nikilala Kigoma au Mwanza. Sasa mtu kama huyo anafilisikaje? Ngoja niwaambie. Nianze na wivu, maana deni lilikuja baadaye.

Mke wangu ana mdogo wake, tumbo moja, kwao Sikonge. Mdogo huyo akaolewa na mkulima wa tumbaku mwenye mizinga ya nyuki porini. Huyo ndiye mwanyumba wangu: mimi nimeoa dada, yeye kaoa mdogo mtu. Wengine hupendana na wanyumba wao kama ndugu. Mimi nilimchukia siku ya kwanza, alipokuja kunitembelea na debe la asali nyuma ya baiskeli, anacheka, heshima tele. "Shikamoo, mwanyumba." Nikaitika marahaba huku macho yako kwenye baiskeli. Ilikuwa mpya, ina taa ya dinamo. Nikamuuliza bei, akanitajia. Nikamuuliza, na kulipa unalipaje?

"Nimeshalipa," akasema.

Nimeshalipa! Neno hilo lilinikaa kooni wiki nzima. Mtu wa kaptula yenye viraka ananiambia mimi nimeshalipa! Ile asali nikamwamuru mke wangu aigawe kwa majirani, sitaki kuiona ndani mwangu. Watoto wakalia, nikawanyamazisha kwa ukali.

Mwisho wa mwezi nikaenda dukani nikachukua redio kubwa ya mbao, kwa mkopo. Sababu ni ile baiskeli. Mnacheka, lakini mimi nilikuwa nimepiga hesabu zangu: baiskeli inapita tu, redio inasikika mpaka kwa jirani. Msimu uliofuata chama cha ushirika kikawalipa wakulima, mwanyumba akaja mjini na mkewe, akamnunulia cherehani ya mkono. Basi mimi nikachukua cherehani ya miguu. Mke wangu hajui kushona hata kifungo! Akaniuliza, "Baba watoto, hii ya nini?" Nikamwambia utajifunza. Hakujifunza. Akawa anaweka sufuria juu yake.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ni kosa la mtu wa mshahara. Mkulima wa tumbaku analipwa mara moja kwa mwaka. Ukimwona dukani siku ile, umeuona mwaka wake mzima. Mimi nilimwona siku ile tu, nikadhani ndivyo anavyoishi kila siku. Ile miezi mingine yote anayokula ugali na mlenda, sikwenda kuitazama. Kwa hiyo yeye akinunua kitu kimoja kwa mwaka, mimi namjibu kila mwezi. Kitanda cha chuma, saa ya ukutani, suti ya terelini, kabati la vioo. Yeye wala hakujua kama tunashindana.

Halafu akamwezekea mama mkwe wetu nyumba kwa mabati. Lo! Siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe akasema mbele ya wageni, "Huyu mkwe wangu mdogo ni mtoto wa kumzaa." Mimi mkwe mkubwa nimekaa pale pale, na suti yangu. Niliporudi mjini nikachukua pikipiki.

Pikipiki, ndugu zangu, ndiyo iliyonizika. Dukani wanakata kwenye mshahara wangu, kwa fundi nadaiwa, kwa muuza nyama nadaiwa, kwa wenzangu wa kazini nadaiwa. Nikaenda kwa bwana mmoja mkopesha kwa riba, nikachukua kwake nikalipe dukani, kisha nikachukua dukani nikalipe kwake. Siku ya mshahara wanaonidai walikuwa wanapanga mstari karibu na dirisha la malipo kabla yangu! Nikipokea bahasha, natokea nyuma kwenye mabehewa, nimeinama, mtu mzima na kofia ya udereva. Nikawa naomba safari za mbali ili nisikae nyumbani. Wakubwa wakanisifu kwa bidii, kumbe natoroka.

Nina jambo moja la aibu, na nilimwahidi mwenyekiti nitalisema. Mwaka ule watu walipohamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, zikaja habari kwamba mwanyumba wangu ametakiwa kuacha nyumba yake na kuhamia kijiji kipya. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nilikwenda kwa muuza nyama nikachukua kilo mbili, kwa mkopo, nikamwambia mke wangu apike vizuri leo. Nikala nikasaza. Mke wangu hakugusa. Akasema, "Unakula msiba wa mdogo wangu." Nikajifanya sikusikia.

Haukupita muda, nikasikia mwanyumba ameng'oa mabati yake moja moja, ameyapakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na ameshaezeka upya kule kijijini. Hakuna aliyemzuia njiani, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamdai hata msumari. Na mimi, mwezi huo huo, walikuja kuchukua pikipiki. Kesho yake cherehani. Kesho kutwa kabati na kitanda, mchana kweupe, kota nzima wamesimama milangoni. Kabati lilipokwama mlangoni, nikawasaidia kuliinamisha litoke. Basi, aibu iliyoje!

Niliporudi kutoka safari ya Kigoma, nyumba tupu. Mke wangu amechukua watoto amekwenda zake. Kwa nani? Kwa mdogo wake! Katika nyumba zote za nchi hii, mke wangu amekwenda kulala chini ya mabati ya mwanyumba. Nilikaa sakafuni nikalia kwa wivu. Watu wanadhani nililia kwa uchungu wa mke. Ulikuwepo, lakini wivu ulikuwa mwingi zaidi, na leo nasema ukweli.

Nikapanda lori mpaka Sikonge, nikamalizia kwa miguu. Nikawakuta kwenye bani la kukaushia tumbaku. Wanawake wamekaa wanachambua majani, mke wangu yumo, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu. Mwanyumba yuko juu ya ngazi anashusha fito. Nikasalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka." Wakaitika. Nikamwambia mke wangu, nimekuja kukuchukua.

"Sirudi kwenye nyumba yenye mke mwenza," akasema.

Nikashtuka. Nina mabaya yangu, lakini hilo sina. "Mke mwenza gani? Nani amekudanganya?"

Akanyoosha kidole juu ya ngazi. "Huyo."

Wanawake wakaacha kazi.

"Ukiamka unamuwaza huyo," akasema. "Ukila, unamuwaza huyo. Ukipata mshahara, unamnunulia huyo. Cherehani ulimnunulia yeye. Pikipiki ulimnunulia yeye. Mimi umenioa miaka yote hii, hujaniuliza hata siku moja, mama watoto, wewe unataka nini?"

Jamani! Mwanamke mmoja alicheka mpaka akaangukia tumbaku.  Na ni kweli. Nilikuwa nikijua bei ya viatu vya mwanyumba, na sikujua kama mke wangu ana viatu.

Mwanyumba akashuka. Hakucheka. Laiti angecheka, ningepata sababu ya kugombana naye. Nikapiga moyo konde nikamwomba anikopeshe. Mnasikia? Yeye!

"Pesa sikupi, mwanyumba," akasema. "Nikikupa utanichukia zaidi ya hivi."

Kumbe alijua! Miaka yote alijua, na asali alikuwa analeta.

"Lakini miguu ninayo," akaendelea. "Twende mjini, unipeleke kwa kila anayekudai."

Mke wangu akasema lake: atarudi siku mtu wa mwisho atakapokuwa amelipwa, si siku moja kabla.

Tukaja. Siku mbili tulizunguka Tabora, mimi mbele, mwanyumba nyuma na kaptula yake. Kila duka anasema maneno yale yale: "Huyu ni ndugu yangu. Atawaletea kila mwezi kiasi mtakachopatana, mbele ya watu, kwa stakabadhi. Asipoleta, niiteni." Nilitamani nijifiche chini ya meza. Kwa yule wa riba tulikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mwanyumba hanyanyuki, mpaka riba ikasimamishwa. Vile vile nikagundua jambo: sikuwa najua nadaiwa kiasi gani jumla. Nilikuwa nimejificha hata mimi mwenyewe nisijue.

Kuanzia hapo, siku ya mshahara nikawa natokea mbele. Nilifika dirishani, nikageuka, nikawaita kwa zamu. Redio na suti nikauza, saa ikauzwa. Nikaomba safari za ziada, safari hii si kwa kutoroka. Nikala muhogo, nikalima shamba la marehemu baba kule Ntalikwa kila siku ya mapumziko. Kazini wakaniita Bwana Stakabadhi. Nikawaacha.

Kila mwisho wa mwezi napeleka stakabadhi Sikonge, mke wangu anazisoma moja moja, anazitia kwenye kopo, ananipa chakula, ananiaga. Na pale ndipo wivu uliponitafuna kuliko wakati wote. Namwona mwanangu wa mwisho amepanda mabegani mwa mwanyumba, anamwita baba mdogo, anacheka. Mimi ananipungia mkono kama mgeni. Watu huniambia wivu haufai. Mimi wivu ule ndio ulionilipia deni. Nikirudi mjini nilikuwa nikisaga meno njia nzima, nikifika nalipa zaidi ya tulivyopatana. Ilichukua miaka mitatu.

Wa mwisho alikuwa muuza nyama. Zile kilo mbili zilikuwa zimebaki kwenye daftari lake.

Nawashukuru wenye maduka walionivumilia, hata yule wa riba, maana alitimiza alichosema. Namshukuru msimamizi wangu aliyenipa safari bila kunisimanga. Nakishukuru chama hiki, kilichonipokea wakati jina langu lilikuwa linanuka. Mwanyumba wangu namshukuru mbele yenu wote, na haikuwa rahisi kutamka hivyo. Na ninyi vijana, kabla hujachukua kitu kwa mkopo, jiulize unamnunulia nani. Kama jina linalokujia si la mtu wa nyumbani kwako, kirudishe mezani.

Sasa nimalize, mwenyekiti ameshaangalia saa.

Nilikwenda kumchukua mke wangu na stakabadhi ya mwisho. Njiani, tumekaa juu ya magunia kwenye lori, nikamuuliza: "Mama watoto, wewe unataka nini?"

 Akasema, "Nataka mdogo wangu na mumewe waje kula kwetu sikukuu. Nawe ukae naye mkekani mpaka chakula kiishe. Na usimwangalie viatu."

Wakaja, sikukuu yenyewe iliangukia Jumapili. Nikaketi na mwanyumba, tukala sinia moja. Nilijitahidi, ndugu zangu, nilitazama wali, nilitazama dari. Mwishowe nikaangalia. Vilikuwa mlangoni, vya ngozi, vyeusi, vipya kabisa. Moyo ukanichoma palepale. Nikamega kipande kizuri cha kuku nikamsogezea.

"Viatu vimekupendeza, mwanyumba," nikasema.

Viliniuma mpaka Jumanne. Jumatatu maduka yote yalikuwa wazi, na mimi niliyapita nikaenda kazini.