Shingo Mpya ya Gita la Odell

Benchi letu liko nje ya duka la donati, kusini mwa reli hapa Memphis, na wanaolikalia ni walewale. Mimi mpiga gita la besi. Thurman tunamwita Fundi kwa kuwa aliwahi kulifungua gita akashindwa kulifunga. Cleotha tunamwita Nabii maana hajatabiri jambo likatokea. Na Odell, mpiga gita la kwanza kanisani kwetu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Jumamosi ile alikuja na gita sandukuni, uso kaukunja, akasema analibadilisha shingo. Jumapili iliyopita mchungaji alimpa wimbo wa sadaka Rozell, kijana aliyehamia juzijuzi, na wimbo wa sadaka ni wa Odell. Gita la Rozell lina shingo ya mbao nyeupe yenye madoadoa, inang'aa mpaka viti vya nyuma. Nisiwadanganye, hata mimi iliniuma.

— Ni mbao tu ile, akasema Odell. Mkono hana.

— Basi nawe tafuta nyeupe, akasema Fundi. Ila nene. Shingo nyembamba haina sauti ya kifua.

— Nyembamba, akakataa Nabii. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu wembamba.

Nikawakumbusha kwamba kwanza apime kitako cha shingo, kisije kikakataa kuingia kwenye nafasi yake mwilini mwa gita. Wakaniambia mwenye nyuzi nne asiwafundishe wenye sita, nikanywa kahawa yangu.

Fundi akadai mbao ya Rozell ilitoka kwenye mimbari ya kanisa lililobomolewa, ndiyo maana kina mama wa kwaya husimama akipiga. Nabii akasema mimbari wapi, ni mti uliopigwa radi, tena Rozell huupaka mafuta ya mbavu za nguruwe kila Ijumaa. Odell aliyameza yote. Mwenye wivu haombi ushahidi.

— Kwangu hawasimami, akasema Odell taratibu. Miaka yote hiyo nikipiga wanakaa, wanafumba macho. Nilikuwa naona sawa tu. Sasa nawaza, labda walikuwa wanasinzia.

Nabii akasema asiyekubali kushindwa si mshindani, Fundi akamwambia afunge mdomo.

Hapo akatokea Rozell mwenyewe, kikombe cha kahawa mkononi. Ghafla tukawa watu wanaozungumzia hali ya hewa. Akavua kofia.

— Shikamoo, mzee Odell.

— Marahaba, akajibu Odell, akiangalia barabara.

— Nasikia unabadilisha shingo.

— Maneno yana mbio mji huu.

— Naomba kukuuliza kitu kimoja, mzee. Hiyo ya zamani utamwachia nani?

Fundi akamjibu kwa haraka kwamba ile imekwisha, kingo zote zimelika kwa kiganja, rangi imetoka.

— Najua, akasema Rozell. Nilipokuja mara ya kwanza nilikaa nyuma yako kwenye wimbo wa sadaka, nikawa natazama mkono wako. Mkono hautafuti, unafika tu. Hii yangu ni nzuri kwa macho, ila inanikata kiganja. Nimezunguka kila duka nikitafuta iliyolika hivyo, haipo. Mpaka mtu aipige maisha yake yote.

Akasubiri jibu. Fundi akatazama ndani ya kikombe chake. Odell akalivuta sanduku kutoka miguuni, akalipakata, akaanza kuvibana vibanio vilivyokuwa vimekwisha kubanwa.

Na mimi wivu wangu ukahama palepale, ukamwacha Rozell ukamwelekea Odell. Besi yangu nimeipiga miaka mingi kama yake, na hakuna aliyewahi kuniuliza nitamwachia nani.